Kusindikiza wenye kufa katika inchi ya Nzilo



Katika inchi yetu ya Lualaba kilio hakikosi watu. Mutu akifa asubui, mbele ya jua kushuka kiwanja cha nyumba yake kimekwisha kujaa. Wanaume wanawasha moto inje, wamama wanakaa ndani juu ya mikeka pamoja na mujane, na mutu mumoja anashika kaye na kuandika majina ya wale wanaoleta franga. Desturi hii ni nzuri, na asiyekuja kilioni anahesabiwa kuwa mutu mubaya. Lakini tuulize neno moja. Katika juma la mwisho, wakati mufu huyu alipokuwa angali anapumua na kutazama ukuta, ni wangapi kati ya watu hawa waliokuja kukaa naye hata saa moja? Mara nyingi jibu linatupa haya. Tunakusanyika kwa wingi siku ile ambayo ndugu yetu hawezi tena kutusikia.

Wazee wetu walijua kusindikiza mugeni. Akiaga, hawakumwacha mulangoni. Walitembea naye kipande cha njia. Mwenye kufa anatembea njia ndefu kupita zote. Katika kurasa hizi tunataka kutazama katika historia namna gani watu wa inchi hii, toka Nzilo mpaka Musonoi, walikosa wasindikizaji, na namna gani wengine walijitoa bure kuwa wasindikizaji wao. Habari hii inatuhusu sana sisi tunaojitayarisha kwa upadri.

I. Inchi iliyojaa wageni

Tuanze na Nzilo yenyewe. Kule muto Lualaba unapita kwa nguvu kati ya magenge na maporomoko. Katika miaka 1891 na 1892 safari ya Alexandre Delcommune ilipita katika Katanga na kufika hapo, ikitumaini kushuka na muto kwa mitumbwi. Maporomoko yakawazuia. Njaa ilikuwa kali, na wapagazi wengi wakafa. Miaka sitini nyuma, bwawa kubwa la umeme likajengwa Nzilo, nalo likapewa jina la mukubwa wa safari ile, Delcommune. Majina ya wapagazi waliokufa, nani anayajua?

Mwaka 1906 kampani Union Minière du Haut-Katanga ikaanzishwa. Shaba ilikuwa nyingi, lakini watu wa kuichimba walikuwa wachache. Basi watu wakatafutwa mbali: Kasai, Lomami, Rodesia, na mwisho wa miaka ya 1920 hata Rwanda na Burundi. Katika kambi za kwanza vifo vilikuwa vingi, kwa sababu ya magonjwa ya mapafu, ya tumbo, na ya uchovu wa kazi. Kijana aliyetoka kwa mama yake alikufa kati ya watu wasiojua luga yake.

Tukumbuke mutu aliyekufa katika kijiji alikuwa na nini. Alikuwa na ndugu wa kumupa mayi. Alikuwa na wazee wa kusikiliza maneno yake ya mwisho: deni alizoacha, ugomvi usiokwisha, nani atalea watoto. Alikuwa na mutu wa kumufunga macho. Katika kambi hakuwa na hata mumoja wao.

Tusiseme uongo juu ya kampani. Toka mwaka 1928 ilibadilisha njia yake. Ilitaka wafanyakazi wakae miaka mingi pamoja na wake na watoto wao, ikajenga nyumba nzuri, hopitali, masomo, ikatoa posho. Vifo vikapunguka sana. Kolwezi ikaanzishwa mwaka 1937, na kambi zikazunguka machimbo ya Musonoi, Kamoto na Ruwe. Lakini kampani ilijua wafanyakazi wake kwa hesabu na namba. Kumujua mutu ni kazi ingine. Munganga anapita kitandani, anaandika, anaendelea. Kampani inaweza kununua dawa na vitanda. Haiwezi kununua jirani.

II. Musonoi, 1953

Kati ya wamisionari Wafransisko waliofanya kazi katika sehemu hii alikuwako Padri Placide Tempels. Alizaliwa Ubelgiji mwaka 1906, akafika Kongo mwaka 1933. Wengi wanamujua kwa sababu ya kitabu chake juu ya filozofia ya Wabantu kilichotoka Elisabethville mwaka 1945. Sisi tunamukumbuka hapa kwa sababu ya kazi yake kati ya wafanyakazi wa Musonoi. Kule, toka mwaka 1953, yeye pamoja na wanaume na wamama wa kambi walianzisha njia ile iliyoitwa Jamaa.

Jina lenyewe linafundisha. Watu waliokatwa na ukoo wao walipewa jamaa ingine, isiyotoka katika damu. Mafundisho yao yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Mume na muke walifundishwa kufunguliana moyo, kisha kufungulia wengine, na Padri pamoja nao. Waliitana baba na mama, hata kama mumoja alitoka Kasai na mwingine Sandoa. Padri Tempels mwenyewe alieleza kwamba miaka mingi alifundisha sawa bwana anayejua yote, mpaka siku alipoanza kuuliza watu: Ninyi ni nani? Munataka nini katika moyo wenu? Hapo ndipo alipokutana nao kweli.

Jamaa haikuanzishwa kwa ajili ya wagonjwa. Hapana. Lakini ilifundisha tendo lile ambalo kusindikiza kunasimama juu yake: kukutana na mutu, si kumutengeneza. Anayekwenda kwa mugonjwa asiyetumaini kupona hana kitu cha kutengeneza. Akija sawa bwana wa kutoa shauri, atachoka upesi na kukimbia. Akija sawa ndugu wa kukutana naye, anaweza kukaa.

Jamaa ilipata pia mateso yake. Padri Tempels alirudi Ulaya mwaka 1962, akafa mwaka 1977. Makundi mengine yalipotoka, yakaitwa Katete, na Maaskofu walilazimishwa kuweka sheria kali. Tusifiche jambo hili: kikundi kinachojifungia na kuwa na siri zake kinaacha kuwa jamaa. Lakini kosa la wengine halifuti wazo la kwanza. Mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo walichagua jumuiya hai za kikristu kuwa njia ya Eklezia katika inchi yetu. Kambi ya Musonoi ilikuwa imetangulia katika njia hiyo.

III. Wale waliotangulia mbali

Kazi hii ni ya kale katika Eklezia. Roma, mwaka 1582, Kamilo de Lellis aliona kwamba wagonjwa wa hopitali waliachwa na watumishi wanaofanya kazi kwa mushahara tu. Akakusanya wanaume wachache wa kutumika bure kwa ajili ya Mungu. Toka hapo ilizaliwa shirika lake, na watu wakawaita wafuasi wake mapadri wa kifo chema. Sisi tunaomba Yosefu Mutakatifu kwa kifo chema, kwa sababu tunaamini kwamba alikufa kati ya Yezu na Maria. Tazameni vizuri: kifo chake kinaitwa chema kwa sababu ya wale waliokaa pamoja naye.

Tena, mwaka 1921, Legio ya Maria ilianza Dublin, katika Irlande. Kazi yao ya kwanza ilikuwa gani? Kwenda wawili wawili hopitalini kutembelea wamama masikini, wengi wao wagonjwa wa kansa. Mwaka 1936 Edel Quinn, binti mwenye ugonjwa wa mapafu, alileta Legio katika Afrika ya Mashariki, akafa Nairobi mwaka 1944. Nyuma Legio ilienea katika Kongo mpaka katika maparokia yetu. Ina sheria moja inayoshangaza watu: mulegio hatoi musaada wa mali kwa wale anaotembelea. Wengine wanaona ni ugumu wa moyo. Lakini sheria hiyo ina akili. Mutu akija na franga, mugonjwa anatazama mukono wake. Akija mikono mitupu, mugonjwa anatazama uso wake. Kusaidia kwa mali ni kazi ya lazima, na ina watu wake. Kukaa pamoja ni kazi ingine, na hata masikini anaweza kuifanya.

Kuna jambo lingine linalohusu mapadri. Miaka mingi wakristu waliita Sakramenti hii Mupako wa Mwisho, na Padri aliitwa wakati mugonjwa alipokwisha kukosa sauti. Watu waliogopa, walisema kuita Padri ni kuita lufu. Mutaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1963, ulifundisha kwamba jina linalofaa zaidi ni Mupako wa Wagonjwa, na kwamba si Sakramenti ya wale tu walio katika dakika ya mwisho. Ibada mupya ikatolewa mwaka 1972. Lakini woga ule haujakwisha. Utakwisha namna gani? Si kwa mahubiri. Utakwisha wakati Padri na wakristu wamezoea kuingia katika nyumba ile toka mwanzo wa ugonjwa, hata kwa siku ambazo hakuna mafuta wala stola.

IV. Miaka ya mateso

Historia ilipima ujirani wa Kolwezi kwa moto.

Mwezi wa tano 1978 waaskari waliotoka Angola walishika muji wa Kolwezi. Toka tarehe 13, watu walijifungia nyumbani. Mamia ya watu waliuawa, weusi na weupe, na maiti zililala barabarani siku nyingi. Tarehe 19 waaskari wa Ufaransa wakashuka kwa miavuli. Siku zile watu walijifunza kwamba kushindwa kulilia mutu wako ni jeraha la pili.

Mwaka 1990 shimo kubwa la Kamoto liliporomoka. Gécamines, iliyorithi mali ya Union Minière, ilikuwa imetoa tani zaidi ya 470 000 za shaba mwaka 1986. Mwaka 1994 hazikufika 50 000. Mishahara ikakosekana, dawa zikaisha katika hopitali. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondoka kazini kwa kupewa franga mara moja tu. Watoto wa kambi waliozaliwa katika vitanda vya kampani waliona baba zao wakifa nyumbani bila munganga. Yote yaliyolipwa yalianguka. Yaliyobaki ni yale yaliyokuwa bure: jirani aliyekuja na kikombe cha uji, mama aliyefua shuka za mugonjwa asiye wa ukoo wake.

Lakini kati ya miaka hiyo kuna ukurasa ambao hatuna ruhusa kuuruka. Katika mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga. Kolwezi ilikuwa mwezi wa tatu 1993. Maelfu walilala katika kituo cha treni, majuma na miezi, wakingoja gari la kuwapeleka inchi ambayo wengi hawajaiona. Wengi walikufa, hasa watoto na wazee, kituoni ao ndani ya treni. Walikuwa watu gani? Walikuwa watoto na wajukuu wa wale walioletwa kuchimba shaba. Walikuwa wameitana baba na mama na watu wa Lualaba. Walibatizwa katika kisima kimoja. Siku ile damu ilishinda ubatizo katika mioyo ya wengi.

Tunaandika hivi si kwa kufungua jeraha, lakini kwa kulisafisha. Kusindikiza wenye kufa si kazi ya huruma laini. Kunauliza swali gumu: Jirani yangu ni nani? Anayesindikiza watu wa kabila yake tu anafanya kazi ya ukoo, na ukoo hauhitaji Injili kwa hiyo. Musamaria hakumuuliza mutu aliyelala njiani alizaliwa wapi.

V. Mufano wa jirani zetu wa Uganda

Tupate sasa mufano toka inchi ya jirani, ambako musiba mukubwa ulizaa kazi nzuri. Katika miaka ya 1980 ugonjwa wa sida uliangusha Uganda. Hopitali zilijaa, na wagonjwa walirudishwa nyumbani kungoja kifo. Mwaka 1987 Masista wa hopitali ya Kitovu, karibu na Masaka, walianza kufuata wagonjwa vijijini, na wakristu wa vijiji wenyewe wakawa macho na mikono yao. Mwaka ule ule Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mume wake kwa ugonjwa huo, pamoja na wenzake alianzisha shirika TASO. Tuone jambo hili: wengi walioanza kazi walikuwa wagonjwa wenyewe, ao watu waliofiwa. Hawakungoja mpaka machozi yao yakauke.

Mwaka 1993 munganga Anne Merriman, aliyekuwa zamani sista mumisionari, alianzisha Hospice Africa Uganda katika Kampala. Yeye alileta morfini ya kunywa, dawa ya bei ndogo inayotuliza maumivu makali. Mwaka 2004 Leta ya Uganda ilipana ruhusa kwa wauguzi waliofundishwa kuandikia wagonjwa dawa hiyo. Hapa kuna fundisho kwa sisi. Mutu anayelia kwa maumivu hawezi kusikia neno tamu. Msindikizaji mwenye akili hasemi kwamba sala inatosha pahali pa dawa. Anatafuta munganga, anauliza, anarudi tena. Dawa inatuliza mwili, na ujirani unatuliza moyo. Mumoja hafanyi kazi ya mwenzake.

VI. Kazi inayotungoja

Leo Kolwezi ni muji mukubwa wa provensi ya Lualaba. Vijana wanakuja tena toka mbali, si kwa kuandikwa na kampani, lakini kuchimba kwa mikono yao shaba na kobalti. Tarehe 27 mwezi wa sita 2019, udongo uliwaporomokea wachimbaji katika shimo la KOV, na zaidi ya 40 walikufa. Wengi kati ya vijana wa namna hiyo wanaishi sawa wale wa mwaka 1910: mbali na mama, bila ukoo wa kuwalilia. Inchi yetu imerudi kuwa inchi ya wageni.

Basi tufanye nini? Tunaona mambo matatu.

La kwanza: kila jumuiya ya mutaa iwe na watu wachache, wanaume na wamama, wa makabila mbalimbali, wanaokwenda wawili wawili kwa wagonjwa wasiotumaini kupona. Waende kila juma, siku inayojulikana. Wasikilize kupita kusema. Wasiulize nani amemuroga. Tunajua vile maneno ya uchawi yanaingia katika nyumba nyingi siku ya kilio, na namna mujane ao mutoto anavyoshitakiwa. Maneno hayo yanapata nguvu pahali ambapo kitanda cha mugonjwa kilikuwa kitupu. Lakini pakiwa na watu wawili waliosikia kinywa cha mufu mwenyewe, akisamehe na kubariki muke wake, uongo unakosa kiti.

La pili: kilio kikiisha, kazi isiishe. Watu wanakunja mikeka, moto unazimwa, na mujane anabaki na ukuta ule ule. Mara nyingi wandugu wa mume wanakuja kuchukua nyumba na vyombo. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inaweka watoto katika cheo cha kwanza cha warizi, na inamupa mujane haki ya kukaa katika nyumba. Lakini sheria inalala katika kitabu kama hakuna jirani wa kusimama kando ya mujane siku ile. Kutembelea nyumba ya kilio nyuma ya mwezi moja kuna samani kupita franga zilizoandikwa katika kaye.

La tatu linatuhusu sisi wenyewe. Tunafundishwa kufundisha, na tunapenda kusema. Katika bustani ya Getsemani Bwana wetu hakuomba rafiki zake watatu wamufundishe kitu, wala wamupe dawa. Aliomba tu wakeshe pamoja naye. Wakalala. Chini ya Musalaba Mama yake hakuwa na neno hata moja la kusema, lakini alisimama. Seminari inayotupa teolojia yote bila kutufundisha kusimama hivyo, itatuma katika maparokia watu wenye sauti kubwa na miguu ya kukimbia.

Wapagazi wa Nzilo walikufa bila majina. Wafanyakazi wa kambi za kwanza walikufa na namba. Wakristu wa Musonoi walianza kuitana baba na mama. Njia hiyo, toka kukosa jina mpaka kuitwa kwa jina, si ya zamani tu. Inaanzwa upya kwa kila mugonjwa. Basi, ndugu, juma hili, kabla ya kungoja habari ya kilio, tuulize katika mutaa wetu: Nani analala peke yake? Kisha twende, wawili wawili, tukae.